Pakanga Nyuma ya Ukuta

Jirani yangu akichemsha dawa, kitongoji kizima hujua. Harufu hutoka jikoni kwake, ikapita migombani, ikanifikia kibarazani, kisha yeye mwenyewe hutokea mlangoni akijipepea kwa kanga na kuniambia, "Leo imekolea." Sijawahi kumjibu vizuri. Humwambia kwamba dawa iliyokolea puani mwangu haimo tena chunguni mwake, kwa hiyo aliyeinywa ni mimi nisiyeumwa. Hucheka, akasema uzee umenifanya mkali. Uzee unasingiziwa. Nimekuwa hivi tangu enzi za Mdachi, na jambo hili la harufu na chungu nilijifunza mara mbili, kwanza kwa aibu, halafu kwa hofu.

Mmea wenyewe ni pakanga. Hauoti kwetu kwenye joto la ziwani. Unaota juu milimani kwa Wakinga, penye baridi na ukungu. Ni kichaka kinachomfika mtu kiunoni. Majani yake yamechanikachanika kama manyoya ya kuku, kijivu juu na meupe chini. Ukiyafikicha, mkono unanuka hadi kesho yake. Ukitia jani moja mdomoni, utatema mate mpaka ufike nyumbani.

Nimezaliwa Ikombe, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambako tulikwenda na kurudi kwa mtumbwi. Mashamba yetu yalikuwa vipande vya kudhihaki. Tulikuwa na samaki, na tulikuwa na udongo. Wanawake wa Kikisi tulifinyanga, na bei ya chungu ilikuwa kile kinachokijaza: ukitaka chungu changu, kijaze mahindi, mahindi yangu, chungu chako. Wakinga waliposhuka na pakanga, mama yangu alipima vivyo hivyo, ila majani aliyakandamiza kwanza kwa goti, kisha akamtazama Mkinga usoni na kumwambia, "Bado hakijajaa." Alikuwa na goti zito sana, Mungu amrehemu.

Mdachi mmoja wa misheni, mganga, ndiye aliyekuja kutaka pakanga nyingi kuliko kijiji kizima. Alikuwa mrefu, ndevu nyekundu, na miguu iliyoliwa na mbu kila mahali. Alikuwa na chombo cha kioo: chupa yenye tumbo, na shingo yake ndefu imeinama ikapita ndani ya pipa la maji baridi. Tumboni alitia majani na maji, akawasha moto mdogo chini. Mvuke ulipanda, ukaingia shingoni, ukapoa, ukadondoka upande wa pili umekuwa maji. Juu ya maji hayo yalielea mafuta ya manjano, kidogo tu, kama yale yanayoelea juu ya mchuzi wa samaki. Harufu yote ya mlimani ilikuwa imo humo. Majani yaliyobaki chupani hayakunuka tena, lakini ukiyaonja uchungu wake ulikuwa palepale.

Siku moja kikombe chake cha kupokelea mafuta kikapasuka. Akaja kwa mama kuagiza chungu kidogo mahali pake. Mama akanipa kazi mimi. Nilikuwa mwali wa kuposwa, vyungu vyangu vimeanza kusifiwa, na sifa zimenipanda kichwani. Kwetu chungu kizuri cha maji ni kile kinachotoka jasho: maji hupenya polepole kwenye udongo, upepo ukakipiga kwa nje, ya ndani yakapoa. Nilikifinyanga hivyo, chembamba, nikakisugua kwa kokoto mpaka kikang'aa, nikakichoma, nikakipamba kwa udongo mwekundu. Nilikipeleka mwenyewe ili nione atakavyokisifu.

Alikisifu kweli. Akafanya kazi siku tatu, akamaliza mizigo yote ya pakanga iliyoletwa mwezi ule. Asubuhi ya nne akaniita. Ndani ya chungu kulikuwa na maji kidogo, na mafuta hayakuwepo. Alikigeuza, akakinusa kwa nje, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake nyeupe.

"Kimekunywa," akasema.

Nilitamani ziwa linifuate pale pale niingie. Laiti angenigombeza. Hakunigombeza. Alikichukua chungu kile akakiweka sandukuni katikati ya nguo zake, na nilisikia baadaye kwamba mende hawakugusa shati lake hata moja. Chungu changu kilikuwa dawa ya mende, ndiyo sifa niliyoipata.

Lakini kuanzia siku ile alinieleza mambo, labda kwa kuona kwamba nimeumia. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza, ila kilifika. "Jani hili lina nguvu mbili," aliniambia. "Moja inaruka, moja inakaa." Inayoruka ni mafuta. Hayasubiri: moto ukizidi hupaa na mvuke, na chungu kikiwa wazi huenda zake darini. Hayo ndiyo yanayofungua kifua na kufukuza wadudu. Inayokaa ni uchungu. Huo hubaki ndani ya maji hata uchemshe mchana kutwa, na kazi yake iko tumboni. Alitia minyoo miwili hai kwenye kisahani, akaimiminia maji machungu yaliyopoa, nami nikaona ikijikunja, ikalegea, ikatulia. Halafu akachukua matone machache ya mafuta akamtia kuku mdomoni. Kuku yule alitembea hatua chache, akaanguka, akatetemeka miguu yote, akafa. Mpishi wa misheni alitaka kumnyonyoa, mganga akaamuru afukiwe.

"Umeona?" akaniambia. "Ya kuvuta puani kidogo, sawa. Ya kunywa, kaburi."

Nikamuuliza kama inaponya homa ya mbu, kwa sababu Wakinga walisema inaponya kila kitu. Akatikisa kichwa. Kwa homa ile alikuwa na kwinini, na hata hiyo, alisema, huwa inamshinda. Nampenda mpaka leo kwa kutonidanganya hapo.

Nikaolewa Talatala, kwa Wanyakyusa wa uwandani, watu wa migomba na ng'ombe. Mume wangu alikuwa mpole, hana makuu. Nililoshangaa ni mwiko wa mkwe. Kwetu pia tunawaheshimu wakwe, lakini kule ilikuwa jambo jingine kabisa. Mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, wala baba mkwe hamwoni yeye. Hamsemeshi, hataji jina lake, wala neno linalofanana na jina lake. Akimsikia njiani huingia majanini akageuza uso mpaka apite. Nikivunja, walisema, nitakachozaa hakitaishi. Mume wangu alikuwa ameshabatizwa, nami pia, na mwalimu wa dini alituambia hayo ni hofu za bure. Tulimsikiliza kwa adabu, kisha tukaendelea kuingia majanini.

Kwa hiyo baba mkwe wangu nilimjua kwa masikio. Nilijua mburuzo wa mguu wake wa kushoto, na fimbo yake inavyogonga mawe ya mlangoni. Nilijua kikohozi chake cha asubuhi, kifupi, mara mbili. Nilimsikia akizungumza na ng'ombe wake kwa adabu kuliko wanaume wengi wanavyozungumza na wake zao, na kwa hilo nilimpenda bila kumjua sura.

Masika ya pili, nikiwa na mimba ya miezi mitano, kikohozi kile kikabadilika. Mvua ya kwetu Kyela haina huruma, inanyesha mpaka moto wenyewe unakohoa. Kifua chake kikaziba. Nikiwa jikoni nilisikia pumzi yake ikipiga mluzi ng'ambo ya ua. Akawa analala ameketi, mgongo ukutani. Wakampa hiki na kile, hakikufaa kitu. Siku ya sita ndugu zake wakaanza kuwasili mmoja mmoja na kukaa uani bila kusema sana, na mama mkwe akaanza kufagia uwanja kwa namna unavyofagiliwa watu wa msiba. Ndipo nilipojua kwamba wameshamkatia tamaa.

Mimi sikukata. Nilimwambia mume wangu, akachukua mtumbwi mpaka Ikombe, akarudi na furushi la pakanga kutoka kwa mama. Majani makavu, yaliyoanikwa kivulini kama nilivyomfundisha, maana jua nalo huiba. Nyumbani kwa mgonjwa sikuruhusiwa kufika, basi nikampa wifi yangu mkubwa furushi lile na maneno: funika chungu, moto mdogo, mgonjwa avute mvuke, asinywe mwingi.

Wifi yangu alikuwa mwanamke hodari, na mtu hodari husikiliza nusu. Aliweka chungu kikubwa wazi juu ya moto wa magogo, jikoni, hatua ishirini kutoka kwa mgonjwa, akachemsha kuanzia asubuhi mpaka jua kichwani. Boma zima lilinuka. Ndugu waliokaa uani walivuta hewa na kutikisa vichwa kwa kuridhika. "Hii ni kali," walisema. Kilichobaki kilikuwa maji meusi, machungu kuliko nyongo. Wakamnywesha bakuli zima. Akatapika mpaka akakosa nguvu ya kuketi, na mluzi wa kifua ukazidi.

Nilisikia sauti ya mdogo wake baba mkwe uani, hakujali kama nasikia. "Mkisi ametuletea sumu."

Nilikasirika. Niliogopa pia, sitaficha. Kama angekufa usiku ule, angekufa na dawa yangu tumboni, na mtoto wangu angezaliwa katika nyumba inayomwita mama yake mchawi. Nilikuwa nimekaa jikoni nikilia kwa hasira pale wifi alipoingia kuchukua kibuyu. Akavuta pumzi ndefu. "Ajabu," akasema, "mafua yangu yote yamekwisha leo."

Nikamtazama. Mafua yake yamekwisha. Alikuwa amesimama juu ya chungu kile asubuhi nzima. Dawa ya baba yake ilimponya yeye na ndugu wote wa uani, na nyingine ikaenda darini kuponya panya, na mgonjwa akapewa ile nguvu inayokaa, ya tumbo, ambayo hakuihitaji. Sikumlaumu wifi. Nilijilaumu mimi niliyetuma mdomo wa mtu mwingine mahali pa mikono yangu.

Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti.

"Mama, naomba chungu chako cha uji."

"Kile cheusi?" Alinishangaa. "Wewe mfinyanzi, unaomba chungu kwangu?"

"Vyangu bado vina kiu, mama. Vitakunywa dawa. Chako kimeshiba uji miaka yote, hakitakunywa kitu."

Akainama akakitoa mvunguni. Kilikuwa kimepinda mdomo, cheusi kama chungu cha mchawi, aliyekifinyanga hakujulikana. Mwenyewe nisingekinunua hata kwa maboga mawili. Nikaomba na kibuyu kikuukuu cha maziwa, kilicholowa mafuta ya siagi hadi ndani. Nikakikata kitako, nikakifunika juu ya mdomo wa chungu shingo ikitazama juu, nikaziba kiungo chote kwa udongo mbichi. Shingoni nikapachika mwanzi mrefu, ambao mume wangu alitoboa vifundo vyake kwa chuma cha moto. Katika chombo kizima hapakuwa na kitu nilichofinyanga mimi, na nilikuwa mfinyanzi bora katika uwanda ule.

Likabaki la mwiko. Nilitaka kukaa nyuma ya nyumba yake na kupitisha mwanzi ukutani. Nyumba ilikuwa ya mianzi iliyokandikwa udongo, kutoboa ilikuwa kazi ndogo. Mdogo wake baba mkwe alisimama. "Kwanza sumu, sasa anatuwashia moto ukutani. Mkwe amekaribia hivyo tangu lini?"

Mama mkwe hakupandisha sauti. Alikuwa bado ameshika ufagio. "Mwiko unakataza macho, na mdomo, na njia," alisema. "Mwanzi haukutajwa." Kisha akaingia ndani mwenyewe akatoboa tundu, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, akaning'iniza mkeka ili hata kivuli kisipite.

Nikakaa nje chini ya mchirizi wa paa, tumbo langu mbele yangu, nikawasha vijiti vitatu. Moto mdogo, wa kubembeleza. Majani kiganja kimoja tu, maana nilimkumbuka yule kuku. Mwanzi niliufunika kwa kitambaa chenye maji ili mvuke usimchome. Baada ya muda nikasikia ndani harufu ikifika, kwa sababu alipiga chafya.

Sikuwa na jinsi ya kumwuliza kama ni kali au ni hafifu, kama inachoma au inafaa. Nilikuwa na masikio yangu tu. Basi nikaupeleka moto kwa pumzi yake. Mluzi ukipanda, nilisogeza kijiti. Akikohoa sana, niliondoa. Tulikwenda hivyo mpaka magoti yangu yakafa ganzi. Mara nikasikia mwanzi ukigongwa kwa ukucha kutoka ndani, mara moja: ko. Nilishtuka. Nikafikiri umemchoma, nikaondoa moto wote. Kimya. Kisha ukagongwa mara mbili: ko, ko. Nikarudisha kijiti. Mvuke ukapita, naye akavuta pumzi ndefu ambayo nilikuwa sijaisikia kwake kwa siku nane.

Basi ikawa hivyo. Mara moja, punguza. Mara mbili, ongeza. Hatukupanga, na hakuna aliyetufundisha. Mama mkwe alikuwa ameketi ndani pembeni yake, lazima alisikia. Jioni alikohoa makohozi mazito akatema. Siku ya pili alilala chali. Siku ya nne alimwuliza mkewe, kwa sauti ya mtu anayelalamika, ni nani amelisha ng'ombe wake wiki nzima, na ndugu zake uani wakaanza kufunga mizigo. Yule mdogo wake aliniletea mkungu wa ndizi, akauweka mbali, akasema, "Ndaga," yaani asante, akaondoka haraka. Nikala ndizi zake zote, kisha nikamsamehe.

Nilimzaa mwanangu miezi yake ilipotimia, mzima, mwenye mapafu ya kupigia mbiu.

Mwanzi haukuondolewa ukutani. Kila masika kifua chake kiliziba kidogo, nami nilikaa nyuma ya nyumba na chungu cheusi. Lakini siku nyingine zote, asubuhi nilipopita nyuma kwenda mtoni, nilisikia kikohozi kifupi mara mbili, kisha ukucha kwenye mwanzi: ko, ko. Hakuhitaji mvuke. Hapakuwa na moto. Siku ya kwanza nilisita na mtungi wangu kichwani, nisijue kama ni kosa. Nikaweka kidole kwenye mwanzi nikajibu, ko, ko. Miaka saba tulisalimiana hivyo, na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Ilikuwa furaha yangu ya siri, na sioni aibu kuiandika sasa.

Mwaka ule askari wa Mdachi walipoondoka kwetu, asubuhi moja ya kiangazi, nilipita nyuma ya nyumba na mtungi. Nikasimama. Nikagonga mimi kwanza, mara mbili. Nikangoja. Nikagonga tena. Nikatua mtungi chini, nikamfuata mama mkwe kwenye migomba.

"Mama," nikasema, "nenda ukamtazame."

"Umejuaje?" aliniuliza, na mara ile akaacha jembe akaenda bila kusubiri jibu.

Siku ya mazishi alinishika mkono, akanipitisha mbele ya wanawake wote mpaka alipolazwa. "Sasa mtazame," aliniambia. "Mwiko umekwisha." Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu nisiyemjua. Alikuwa na paji la mwanangu, na masikio yake yaliyosimama, na ule mkunjo kati ya nyusi ambao nilikuwa nikiupangusa kila jioni kwa maji ya moto. Miaka saba nilimwosha uso nyumbani kwangu, na sikujua.

Nililia kuliko watoto wake. Watu walinishangaa, maana kwa hesabu yao hatukuwahi kuonana. Mama mkwe ndiye aliyewanyamazisha. Jioni alikuja jikoni kwangu na chungu cheusi, akakiweka karibu na vyangu vya kung'aa. Ndani yake alikuwa ameulaza mwanzi, umekatwa kutoka ukutani, na upande mmoja, penye alama ya ukucha, ulikuwa umelika kidogo.